Jinsi ya Kujaribu na Kupima Gari la Umeme Nairobi Kabla ya Kutoa Pesa

Wanunuzi wengi hujikwaa mahali pamoja. Huingia yadi ya Ngong Road au Kiambu Road, huzungushwa dakika kumi, hupenda ukimya wa gari na jinsi linavyochomoka taa zikiwaka kijani, kisha hulipa. Mwezi haujaisha hugundua kwamba gari lililosifiwa kwa kilomita 200 linafika 90, au plagi ya nyumbani imeyeyuka.

Tatizo si magari ya umeme. Tatizo ni kwamba walipima mota, nayo mota ya umeme huchakaa polepole sana. Kinachochakaa ni betri, na betri ndiyo sehemu kubwa ya bei. Kwa hiyo mwongozo huu unapima betri, halafu unapima kama nyumba yako na njia zako zinaweza kulilisha gari hilo. Mifano mingi ni ya Nissan Leaf kwa sababu ndiyo iliyozoeleka zaidi kati ya zile zilizotumika zinazotoka Japani, lakini utaratibu unafaa gari lolote la umeme.

Katika hesabu zote, yuniti moja ya stima ni kilowati-saa moja, ileile inayoandikwa kwenye ujumbe wa tokeni.

## Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye programu ya kusoma hali ya betri: LeafSpy kwa Nissan Leaf, au Car Scanner kwa aina nyingine nyingi. Ipakue na kuiweka sawa ukiwa nyumbani, si mbele ya muuzaji.
- Kisomaji cha OBD2, kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye gari na kupeleka taarifa za kompyuta yake kwa simu, cha aina ya ELM327. Vile vya bei ya chini vilivyoandikwa v2.1 mara nyingi hushindwa kusoma Leaf, tafuta v1.5 kilichojaribiwa. Mwenye iPhone anahitaji kile cha Wi-Fi au cha Bluetooth ya nguvu ndogo, maana Bluetooth ya kawaida haitaunganika.
- Mita ya kupimia volti, kipimo cha upepo wa tairi, tochi, na kadibodi ya kulalia chini ya gari.
- Programu ya PlugShare ya kuonyesha vituo vya kuchajia.
- Jumbe zako za tokeni za miezi mitatu iliyopita.
- Leseni ya udereva, daftari na kalamu.
- Saa tatu zisizo na haraka. Hiki ndicho kifaa ambacho wengi hukisahau.

## Hatua ya 1: Pata namba yako ya kilomita

Hatua hii hufanywa mezani, kabla ya kutazama tangazo lolote.

Chukua siku yako nzito kuliko zote katika wiki. Anayeishi Kitengela na kufanya kazi Westlands huenda karibu kilomita 37, kwenda na kurudi 75. Ongeza 15 za shule, soko na kumpeleka mgeni, unapata 90. Zidisha kwa 1.5. Namba yako ni 135.

Kwa nini uzidishe? Betri haifai kushushwa chini ya asilimia 20 kila siku. Pia itaendelea kupungua uwezo mwaka hadi mwaka. Na kuna usiku stima itapotea na gari litalala bila chaji.

Wanaoishi juu waongeze hesabu ya mlima. Gari la kilo 1,600 likipanda mita 100 hula karibu nusu yuniti zaidi ya lingekula njia tambarare. Limuru iko zaidi ya mita 500 juu ya katikati ya jiji, kwa hiyo kila jioni unapopanda kurudi kwako unatoa yuniti mbili na nusu za ziada, sawa na kilomita 15 hivi. Asubuhi ukiteremka, sehemu yake hurudi kwenye betri kupitia mota inayosaidia breki. Lakini ukiwa umejaza hadi asilimia 100 hupati karibu chochote, maana betri iliyojaa haina pa kupokea. Mkazi wa mlimani achaji hadi asilimia 85 au 90, kisha ajazwe na mteremko.

Umefaulu ikiwa una namba moja ya kilomita juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Gari lisiloifikia halinunuliwi, hata likiwa zuri namna gani.

## Hatua ya 2: Pima stima ya nyumbani kabla ya kupima gari

Hapa ndipo watu wengi huumia, na huumia baada ya kulipa.

Kilomita 90 kwa mwendo wa kilomita 6 kwa yuniti ni yuniti 15 ndani ya betri. Kuchaji hupoteza takriban sehemu ya nane njiani kama joto, kwa hiyo mita itahesabu karibu yuniti 17. Soketi ya kawaida ikitoa ampia 10 kwa volti 240 inatoa kilowati 2.4. Gawanya 17 kwa 2.4: saa saba. Ukichomeka saa nne usiku, gari liko tayari saa kumi na moja alfajiri. Inatosha, ilimradi soketi ihimili saa hizo saba kila siku.

Onyo kuhusu kebo ya Japani. Kebo nyingi zinazokuja na Leaf ni za volti 200 na ampia 15, zenye plagi ya Kijapani. Muuzaji huikata plagi hiyo na kufunga plagi yetu ya pini tatu. Plagi hiyo imetengenezwa kwa ampia 13, tena si za usiku kucha. Ikipitisha ampia 15 kwa saa sita, pini hupata joto, plastiki hulainika, skrubu za ndani hulegea, na zikilegea joto huongezeka tena. Ndivyo soketi zinavyoungua. Fyuzi huchelewa kukata kwa sababu ziada ni ndogo.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kununua kebo ya kuchajia yenye plagi ya hapa iliyowekewa kikomo cha ampia 10. Ya pili, ambayo ni bora, ni laini ya gari peke yake kutoka kwenye boksi la breka: waya wa shaba wa milimita mraba 6, breka ya ampia 32, kinga ya kukata stima inayovuja ya miliampia 30, na soketi ya buluu ya viwandani au chaja ya ukutani. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli. Mwambie pia apime waya wa ardhi, kwa sababu kebo nyingi za magari hukataa kabisa kuchaji pasipo waya wa ardhi ulio sawa, na mtu hubaki akidhani gari ni bovu.

Kamwe usitumie ekstensheni, hasa ile ya kuviringisha kwenye gurudumu. Waya uliojiviringisha hauna pa kutolea joto.

Piga hesabu ya vitu vinavyowaka pamoja. Hita ya kuogea ya kilowati 5 huvuta karibu ampia 21, gari la kilowati 3 huvuta 13, ongeza jiko la umeme na pasi. Nyumba ikizima kila asubuhi watu wakioga, hujakosea gari. Umekosea saa ya kuchaji.

Kwa wanaokaa kwenye fleti, swali si soketi, ni ruhusa. Mita yako iko wapi, chumba cha mita kina nafasi ya breka nyingine, na kutoka hapo hadi maegesho yako ni mita ngapi za waya? Ongea na mwenye nyumba, si keateka peke yake, na upate ruhusa kwa maandishi kabla ya kununua. Soketi ya taa za ngazi si suluhisho: stima yake hulipwa na wote, na ugomvi hautakawia. Ikikubaliwa laini ya pamoja, fungeni mita ndogo ya kuhesabu yuniti zako.

Mwisho, tafuta bei yako halisi ya yuniti. Chukua pesa ulizotuma, gawanya kwa yuniti ulizopata. Lakini usiishie hapo. Kenya Power humpanga mteja wa nyumbani kwenye daraja la bei kulingana na wastani wa matumizi ya miezi mitatu, na anayepita yuniti 100 kwa mwezi hulipa bei ya juu. Gari la mfano wetu, kwa siku 22 za kazi, hula yuniti 375 peke yake. Ikiwa leo unatumia yuniti 40, bei uliyozoea haitabaki. Ulizia pia bei maalum ya kuchaji vyombo vya umeme ambayo Kenya Power imekuwa nayo tangu 2023. Ina nafuu kubwa nje ya saa za matumizi mengi.

Umefaulu ikiwa unajua gari litachomekwa wapi, kwa ampia ngapi, kwa saa ngapi, na kwa shilingi ngapi kila yuniti.

## Hatua ya 3: Ongea na muuzaji kabla ya kufika

Piga simu siku moja kabla na uombe mambo manne: gari liwe na chaji kati ya asilimia 80 na 90, lisichajiwe kwa chaja ya kasi asubuhi hiyo, kebo zake zote ziwepo, na ukubaliwe kusoma betri kwa simu kisha kuendesha karibu kilomita 40.

Chaji isiwe 100 kwa sababu hutaona breki za mota zikifanya kazi. Isiwe 30 kwa sababu hutamaliza njia. Na betri iliyotoka kuchajiwa kwa kasi huwa na joto linalobadilisha vipimo.

Uliza pia kama bima ya gari au ya yadi inakufunika wewe ukiwa kwenye usukani. Ikiwa si hivyo, dereva wao aendeshe nawe usome.

Muuzaji akikataa betri kusomwa, usiende. Maelezo yoyote atakayotoa hayatabadilisha kilichomo ndani.

## Hatua ya 4: Kagua gari likiwa limesimama

Anza na karatasi. Gari lililokwisha kusajiliwa hapa, chukua rekodi yake ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen na ulinganishe namba ya chesi na ile iliyo mwilini. Gari linaloingizwa kutoka nje lisizidi miaka 8 tangu mwaka wa usajili wa kwanza, na usukani uwe kulia. Ndiyo maana Leaf za kilowati-saa 24 zilizo sokoni sasa ni zile ambazo zimekwisha kutumika humu nchini, tena nyingi kwa kazi ngumu. Kama linatoka Japani, omba karatasi ya mnada, ile inayoandika hali ya gari lilipouzwa huko.

Kisha lala kwenye kadibodi. Betri iko chini ya sakafu, na matuta yetu hayana huruma. Tafuta bonde kwenye bamba la chuma, mkwaruzo uliofika kwenye chuma, au rangi mpya mahali pamoja tu. Waya za rangi ya chungwa hubeba volti mamia: ziangalie kwa tochi, usizishike. Dalili za mafuriko ni tope kavu ndani ya reli za viti, harufu ya unyevu chini ya zulia la buti, na kutu kwenye skrubu za viti. Ukiona mbili kati ya hizo, acha gari hilo. Maji na umeme wa betri kubwa ni hatari ambayo punguzo la bei haliifidii.

Fungua boneti upime betri ndogo ya volti 12. Gari likiwa limezimwa isome kati ya 12.4 na 12.7. Likiwashwa hadi READY, yaani dashibodi ionyeshe liko tayari kuondoka, isome zaidi ya 13. Betri hii ndogo ndiyo huamsha kompyuta. Ikifa, gari haliwaki hata kama kubwa imejaa. Magari yanayokaa yadini miezi mingi huiua, kisha muuzaji huibusti dakika chache kabla hujafika. Si kasoro ya kuvunja ununuzi, ni ya kupunguza bei.

Jaza upepo wa tairi zote kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Tairi laini hula chaji, na utailaumu betri bure.

## Hatua ya 5: Soma betri

Chomeka kisomaji kwenye soketi iliyo chini ya usukani, washa gari hadi READY, fungua programu.

Kwanza angalia dashibodi yenyewe. Ukingoni mwa kipimo cha chaji cha Leaf kuna vibaa vidogo 12 vya uwezo. Watu wakiona 12 hufurahi, lakini kibaa cha kwanza hupotea tu baada ya betri kupoteza karibu asilimia 15. Kwa hiyo vibaa 12 vinaweza kuwa asilimia 100 au 86. Tena kompyuta ya betri ya Leaf za zamani inaweza kufutwa kumbukumbu ili vibaa vyote virudi. Baada ya wiki kadhaa za matumizi hupotea tena. Vibaa peke yake si ushahidi.

Kwenye LeafSpy andika na upige picha vitu hivi:

- SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia.
- AHr, uwezo kwa ampia-saa. Betri mpya ya kilowati-saa 24 huwa na karibu ampia-saa 65, ya kilowati-saa 40 karibu 115. Gawanya uliyoisoma kwa ile ya mpya; jibu likipishana sana na SOH, kuna jambo.
- Idadi ya chaji za kasi na za kawaida. Namba kubwa ya chaji za kasi kwenye gari lenye kilomita chache huashiria kazi ya teksi, au mita ya kilomita iliyorudishwa nyuma.
- Tofauti ya seli kwa milivolti. Leaf ina jozi 96 za seli zilizopangwa mfululizo, na mfululizo wote huishia pale jozi dhaifu inapoishia. Gari likiwa limetulia na chaji iko kati, tofauti ya milivolti 10 hadi 30 ni ya kawaida. Ikipita 60, tafuta sababu.

Kwa maoni yetu, Leaf ya 40 yenye SOH ya 88 na kuendelea ni ya kuzungumzia bei ya kawaida. Kati ya 80 na 88, ipungue. Chini ya 75, inafaa tu kama gari la pili la kuzungukia mtaani, na ilipiwe hivyo.

Jambo moja liko upande wetu: Leaf hizi za 24 na 40 hazina mfumo wa kupoza betri kwa maji, hivyo huumizwa na joto, lakini hewa ya Nairobi ni ya upole kwazo kuliko ya Mombasa. Gari lililoishi Pwani lisomwe kwa makini zaidi.

## Hatua ya 6: Endesha kilomita 40, si dakika kumi

Andika asilimia ya chaji na usomaji wa kilomita. Puuza kabisa kilomita zilizobaki zinazoonyeshwa na dashibodi. Namba hiyo hukisia kwa kufuata mwendo wa dereva aliyetangulia, na muuzaji anayezunguka yadi polepole huipandisha bila kugusa betri.

Njia nzuri ya kupimia huanza Ngong Road, hushika Southern Bypass kupanda hadi Kikuyu na Gitaru, hurudi kwa Waiyaki Way kupitia Kinoo, Uthiru na Kangemi, halafu hupita katikati ya foleni ya Westlands kurudi ulikotoka. Ina mlima, kasi, mteremko na msongamano. Ukianzia kwingine, tafuta mzunguko wenye vitu hivyo vinne, na uishie pale ulipoanzia ili mlima na mteremko visawazishane.

Zima redio. Bila kelele ya injini, utasikia kila kitu.

Ukipanda, tulia kwa kasi iliyoruhusiwa, kisha kanyaga kwa nguvu sekunde chache huku mwenzako akitazama seli kwenye simu. Seli zote hushuka pamoja. Ile mgonjwa huanguka peke yake. Tofauti ikiruka kupita milivolti 100 na jozi ileile ndiyo huwa ya chini kila mara, umeipata. Jaribio hili husema ukweli zaidi chaji ikiwa chini ya asilimia 40, kwa hiyo ukiwa na shaka, omba kurudi siku nyingine gari likiwa na chaji kidogo.

Kwenye lami nzuri sikiliza mvumo unaopanda na kasi: ni beringi ya gurudumu. Mlio wa chuma kugonga ukipita matuta ni bushi au shokamzoba, nazo hulemewa mapema kwa sababu gari hili ni zito kuliko ndugu yake wa petroli.

Ukiteremka, weka gia kwenye B, inayoongeza nguvu ya breki za mota, au washa e-Pedal, kitufe kinacholifanya gari lijifunge breki ukiachia mafuta, kwenye Leaf za kuanzia mwishoni mwa 2017. Gari lipungue mwendo kwa ulaini na alama ya kurudisha chaji iwake. Kisha zijaribu breki zenyewe. Kwa kuwa mota hufanya kazi kubwa, diski hukaa bila kutumika na kushika kutu. Mahali patupu, kwa mwendo mdogo, weka N ukanyage breki: hapo mota haisaidii, na mtetemo au mkwaruzo utajitokeza.

Kwenye foleni, washa hita kwa dakika kumi na tano uone chaji inavyokwenda. Gari la umeme likisimama halili karibu chochote, lakini hita hula kwa saa, si kwa kilomita. Saa mbili za foleni asubuhi ya Julai na hita ya kilowati 1.5 ni yuniti tatu, yaani kilomita 18 zimeondoka gari likiwa halijasogea. Kiti chenye joto lake hula kidogo sana. Kama gari linacho, hakikisha kinafanya kazi.

Ukirudi, piga hesabu. Umetoka na 85, umerudi na 66, umekwenda 40. Asilimia 19 kwa kilomita 40 ni kilomita 2.1 kwa kila asilimia. Kutoka 100 hadi 20 utapata 168. Linganisha na namba yako ya Hatua ya 1. Kwa 135, gari hili linafaa.

Sasa tazama gari lenye betri ya 24 iliyochoka likipita njia ileile: limetumia asilimia 44. Hiyo ni kilomita 0.9 kwa asilimia, na 73 hadi kufika 20. Yadini magari haya mawili yalichomoka sawasawa.

## Hatua ya 7: Lichaji ukiwepo

Usikubali kuambiwa chaji ipo sawa. Chomeka kebo ya kawaida dakika ishirini uone taa na kilowati zinazoingia, halafu nendeni kituo cha chaja ya kasi.

Leaf ya Japani ina tundu la Type 1 kwa stima ya kawaida na CHAdeMO kwa chaji ya kasi. Usidhani kila kituo kina kebo ya CHAdeMO. Vingi hujali CCS2 au GB/T, ambazo ni aina nyingine za plagi. Tafuta kwa PlugShare vituo vilivyo kwenye njia zako, usome maoni ya karibuni, na upite kimoja kwa macho yako. Adapta ya kutoka Type 2, plagi nyingine ya stima ya kawaida, hadi Type 1 ni kifaa rahisi. Ya kutoka CCS2 hadi CHAdeMO ni kompyuta ndogo, na bei yake ni kubwa. Gari lililoletwa kutoka China kwa njia za pembeni linaweza kuwa na GB/T. Usilipe kabla ya kujua litachajiwa wapi.

Chaja ya kasi huonyesha yuniti ilizotoa, na hiyo ni njia ya pili ya kupima betri isiyotegemea kompyuta ya gari pekee. Chaji ikipanda kutoka 20 hadi 80 na kituo kimetoa yuniti 22, toa asilimia 5 ya upotevu, ubaki na 21, kisha gawanya kwa 0.6. Betri ina yuniti 35 za kutumia. Betri ya 40 ikiwa mpya huwa na takriban 37 au 38, hivyo hiyo iko vizuri.

Wanaotaka kwenda Mombasa kwa Leaf ya 40 wajue hili: bila kupoza kwa maji, betri hupata moto baada ya mwendo wa kasi na chaji ya kwanza, na gari hujipunguzia kasi ya kuchaji mara ya pili na ya tatu. Zaidi ya kilomita 480 za njia hiyo zitakula siku. Kama safari hizo ni za kila mwezi, tafuta gari linalopoza betri kwa maji.

## Hatua ya 8: Hesabu ya pesa

Tumia namba zako. Mfano: kilomita 1,980 kwa mwezi, yuniti 375 kwa Sh30 kila moja ni Sh11,250. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita lingetaka lita 165. Kwa Sh180 ni Sh29,700. Tofauti ni Sh18,450. Bei ya petroli ya mwezi huu utaipata kwenye tangazo la EPRA la kila tarehe 14.

Ukichaji vituoni tu, weka bei ya kituo badala ya Sh30, na mara nyingi nusu ya faida huondoka. Asiye na pa kuchaji nyumbani wala kazini afikiri mara mbili.

Kulinganisha magari mawili, gawanya bei kwa kilomita ulizopima. La Sh1,500,000 lenye kilomita 140 ni Sh10,700 kwa kilomita. La Sh1,750,000 lenye 210 ni Sh8,300. La pili ndilo rahisi, na litakaa miaka mingi zaidi juu ya namba yako.

Pata bei ya bima kubwa kwa maandishi, ukiuliza waziwazi kama betri na mafuriko vimo. Kama unaagiza kutoka nje, wakala wa forodha akupe hesabu ya kodi ya tarehe gari litakapotua, si ya leo, kwa maana Sheria ya Fedha hubadilisha mambo kila Julai.

## Hatua ya 9: Mkataba

Andikeni SOH, AHr, kilomita na tarehe ndani ya makubaliano, na kubandika picha za simu. Andikeni kebo zinazokuja na gari. Ombeni kipindi cha dhamana ya betri chenye kipimo: kwa mfano, SOH ikishuka zaidi ya asilimia 4 ndani ya siku 60, muuzaji alichukue gari lake na pesa zako zirudi. Siku hizo hutosha kuumbua betri iliyofutwa kumbukumbu. Pesa zitoke baada ya uhamisho wa umiliki kuanzishwa kwenye akaunti ya NTSA ya muuzaji.

## Hatua ya 10: Usiku wa kwanza

Chomeka gari ukiwa macho. Baada ya dakika 30 shika plagi na ukuta unaoizunguka, kisha urudie baada ya saa mbili. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa moto hadi unaondoa mkono, au unanusa plastiki, zima breka kwanza, chomoa baadaye, na usichaji hapo tena hadi fundi abadilishe soketi na waya wake.

Angalia salio la tokeni kabla ya kulala. Ikiisha saa tisa usiku, gari litaacha kuchaji bila kukuamsha.